Usiing'oe Hiyo Chogo

Juzi nimeambiwa tena, kwa mara ya sijui ngapi: "Fundi, skrini imekufa, toa chogo uweke flati." Safari hii msemaji ni rafiki yangu, na flati alishainunua. Mashine yenyewe ni Ms. Pac-Man, mashine ya mchezo wa video wa kutumbukiza sarafu, ile ya Midway ya mwaka 1982, aliyoitoa kwenye baa iliyokuwa inafungwa hapa Marekani. Ukiiwasha sauti inatoka na sarafu inapokelewa, ila kwenye kioo kuna mstari mmoja mkali umesimama katikati, basi.

Nimeanza ufundi kwa TV za chogo, na mstari huo naujua kama ndugu yangu. Kwenye TV ungeuona umelala. Hapa umesimama kwa sababu kioo cha Ms. Pac-Man kimefungwa kwa ubavu. Maana yake ni kwamba mzunguko ambao kwenye TV hutandaza picha juu na chini umekatika. Tyubu, yaani chogo yenyewe, ni nzima! Kama ingekufa usingeuona hata huo mstari. Tulikuta risasi ya kulehemu imepasuka kwenye miguu ya transista moja, na kapasita mbili zimekauka. Kazi ya jioni moja. Ila usiiache ikiwaka hivyo, kwa kuwa mwanga wote umerundikana sehemu moja na utaunguza kioo. Hapo ndipo utakuwa umeiua kweli.

"Lakini flati si picha ni ileile?" Si ileile. Bodi ya mchezo huu inatoa picha ya nukta 224 kwa 288, kwa kasi ya kuchora mistari ya takriban kilohezi 15, na skrini nyingi za kompyuta hazishuki chini ya 31. Utahitaji kigeuzi, na kigeuzi cha bei rahisi kinachelewesha picha. Kwenye mchezo ambao unakata kona huku jini likikunusa kisogoni, ucheleweshaji huo unauhisi mkononi. Kisha waliochora vile vijini walichora wakijua chogo italainisha kingo zake; kwenye flati vinageuka matofali. Kinachoniudhi zaidi ni msumeno: flati haikai kwenye fremu ya zamani, kwa hiyo mtu anakata mbao. Mbao ya 1982 ikishakatwa, imekatwa.

Nakubali kung'oa tyubu kwa mambo mawili: shingo imevunjika, au njia za mchezo zimeunguza kioo hadi unazisoma mashine ikiwa imezimwa. Alama hiyo haifutiki kwa dawa yoyote. Hata hapo natafuta kwanza TV ya inchi 19 yenye shingo na koili zinazolingana. Ndiyo maana sipiti chogo iliyotupwa kando ya barabara bila kusimama, na mke wangu ameshachoka kuniuliza.

Kuna na mengine ninayoambiwa kila mara. "Umeizima, basi haina umeme." Tyubu inatunza chaji hata ukichomoa waya, na ikiwa inafanya kazi moto wake unafika volti 20,000 na kuzidi. Bisibisi bapa yenye mpini mzuri, waya kutoka kwenye chuma chake hadi kwenye fremu ya tyubu, ipenyeze chini ya kile kikombe cha mpira kilichobandikwa juu ya tyubu, penye waya mnene. Mkono mwingine mgongoni. Rudia.

"Bodi imekufa." Kwenye ukoo wa Pac-Man angalia kwanza kiunganishi cha ukingoni. Umeme wa transfoma unapita hapo kabla ya kunyooshwa kwenye bodi, pini zinapata moto, zinaungua. Nimeona bodi nzima zikiuzwa kama chakavu kwa sababu ya kiunganishi.

"Iweke stoo, haitaharibika." Mwenye CPS-2, bodi ya michezo ya kampuni ya Capcom, asithubutu. Batri yake ndiyo inayoshikilia ufunguo wa kufumbua programu ya mchezo. Ikiisha, mchezo hauwaki.

Na kapasita mpya hazitibu kila ugonjwa. Tuendelee.

Rafiki yangu alitaka pia vitufe sita na picha ya binti yake ubavuni. Picha sawa, imechapwa kwenye ubao mwembamba unaoshikwa na skrubu nne kutoka ndani, pembeni ya rangi ya zamani ambayo sikuigusa kwa msasa. Miguu ya kabati ilikuwa imefumuka kwa maji ya kudekia baa, nikaunga plaiwudi. Vitufe nilimkatalia kutoboa paneli. Nimemtengenezea paneli ya pili. Ya kwanza imefungwa gazeti, iko ndani ya kabati, nyuma ya sanduku la sarafu. Flati ameirudisha dukani.