Kimeng'enya cha kubuni chenye asidi amino isiyo ya asili: maana yake

Maji ya mabibo yakikaa kwenye ndoo siku moja mbili, Newala au Nachingwea, huchachuka yakawa uraka. Wanaofanya kazi hiyo ni vimeng'enya vya hamira: protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia bila zenyewe kwisha. Protini ni mnyororo wa asidi amino, na viumbe karibu vyote hutumia aina 20 zilezile.

Aina hizo zinatosha kwa uhai, si kwa kila kazi anayoitaka mkemia. Hakuna yenye anilini, yaani amini (kikundi chenye nitrojeni) iliyoshikana na pete ya benzini, ya kaboni sita. Laisini, mojawapo ya hizo 20, ina amini, lakini katika pH 7, isiyo asidi wala besi, amini hiyo hubeba protoni na kupoteza makali. Anilini, yenye pKa (pH ambapo nusu ya molekuli hubeba protoni) karibu 4.6, hubaki huru kufanya kazi. Ndiyo sababu ya kuingiza asidi amino ambayo protini za kawaida hazina; protini iliyotengenezwa hivyo ili iharakishe mabadiliko fulani ndiyo kimeng'enya cha kubuni.

Ribosomu, mashine ya seli inayojenga protini, husoma ujumbe wa jeni kwa kodoni, herufi tatu tatu. Kodoni ni 64, na tatu, UAA, UGA na UAG, husimamisha ujenzi. UAG ndiyo adimu zaidi katika E. koli, bakteria anayetumika sana maabara, basi huazimwa. Mbunifu huiweka mahali anapotaka, kisha huwapa bakteria jozi ngeni: tRNA (molekuli inayoleta asidi amino kwenye ribosomu) inayosoma UAG, na sinthetasi, kimeng'enya kinachoibebesha asidi amino mpya. Jozi hii na mashine za mwenyeji, yaani za bakteria mwenyewe, zisigusane kabisa. Hapo ndipo penye ugumu wote. Kundi la Peter Schultz, Marekani, liliuvuka ugumu huo katika E. koli mwaka 2001.

Mwaka 2018 kundi la Gerard Roelfes, Groningen, Uholanzi, lilichukua LmrR, protini ya bakteria wa maziwa ambayo kwa asili hushika DNA wala si kimeng'enya. Valini ya nafasi ya 15 ilibadilishwa kuwa amino-fenilalanini, yenye anilini. Protini ikaanza kuharakisha uundaji wa hidrazoni, aina ya kampaundi yenye nitrojeni.

Maabara, asidi amino hiyo hutiwa kwenye mchuzi wa kuoteshea bakteria, mara nyingi milimola 1 kwa lita. Nyingi haziyeyuki vizuri kwenye maji matupu; huyeyushwa kwanza kwa kiasi kidogo cha soda kali (NaOH). Zenye azidi, yaani nitrojeni tatu mfululizo, huharibiwa na mwanga, kwa hiyo chupa hufungwa kwa karatasi ya alumini.

Kasoro ya kawaida ni protini iliyokatika: protini ya mwenyeji inayotambua UAG huwahi kusimamisha ujenzi kabla tRNA ngeni haijafika. Mkia wa histidini (asidi amino inayonasa nikeli, ili kusafisha protini) uwekwe mwishoni mwa mnyororo, siyo mwanzoni, ili vipande vilivyokatika visinase kwenye safu ya nikeli. Na chupa moja ioteshwe bila asidi amino mpya. Jaribio hili lisirukwe kamwe. Protini nzima ikitokea humo kwa wingi, UAG inajazwa na asidi amino ya kawaida, mara nyingi kwa sababu sinthetasi haichagui vizuri. Hata chupa hiyo ikiwa safi, uzito wa protini upimwe kwa spektrometa ya masi kabla ya kupima kasi yoyote.