Aliyepigwa na Radi Mguse, Tena Upesi

Radi ni nini, na ngurumo hutoka wapi?

Ndani ya wingu la mvua chembe za barafu hugongana hadi chaji za umeme zikatengana. Tofauti ikizidi, umeme huruka. Hewa unamopita hupata joto la takriban nyuzi 30,000 za Selsiasi, hutanuka ghafla, na mlipuko huo ndio ngurumo. Sauti huchukua kama sekunde 3 kwa kila kilomita. Ukiisikia, radi inaweza kukufikia.

Aliyepigwa bado ana umeme mwilini?

Hapana. Radi hupita mwilini kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na mwili hauhifadhi umeme. Mguse. Huku Nairobi, kila msimu wa mvua tunaletewa watu waliolala kwenye matope huku majirani wakizuiana mlangoni: "Usimguse, atakushika!" Hatakushika. Huenda moyo wake umesimama, na kila dakika mnayobishana inamwondoa.

Mbona aliyeshikwa na stima humnasa anayemgusa?

Kwa sababu waya bado unaleta umeme. Hapo zima swichi kubwa kwanza, na waya ulioanguka kutoka kwenye nguzo usiusogelee mpaka stima ikatwe. Radi haina waya. Imekuja, imekwisha. Mguse.

Nikishamgusa, nifanye nini?

Kama mko mahali wazi na ngurumo zinaendelea, mvuteni ndani. Mwenzako apige 999 au 112. Asipoitikia, na hapumui au anakoroma kwa kukatika-katika, mlaze chali mahali pagumu. Weka kiganja katikati ya kifua, kingine juu yake, nyoosha mikono, bonyeza kwa nguvu: kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, ukiacha kifua kiinuke kila mara. Kila ukifikisha 30, mbane pua na umpulizie pumzi 2 mdomoni. Pumzi hizo msizidharau. Moyo unaweza kuanza tena wenyewe ilhali sehemu ya ubongo inayoendesha kupumua bado imelala. Akikosa hewa, moyo unasimama mara ya pili.

Wakipigwa kadhaa chini ya mti mmoja, anza na aliyenyamaza. Anayelia anapumua.

Tumpe maziwa? Tumfukie udongo?

Tafadhali, hapana. Maziwa kwa aliyezimia huingia mapafuni. Udongo hauvuti umeme wowote, maana haupo. Unamzuia kupumua tu. Anayeamini radi ilitumwa na mtu, aombe, lakini mwingine awe anabonyeza kifua wakati huohuo. Hayo ya nani kamtuma nani yangojee.

Ameamka, anasema yuko sawa. Bado aende hospitali?

Aende, na aende leo. Mapigo ya moyo yanapaswa kupimwa kwa mashine. Ngozi inaweza kuwa na alama ndogo tu, au isiwe na alama kabisa, huku kiwambo cha sikio kimepasuka. Miguu ikifa ganzi, asipokumbuka kilichotokea, au akiwa mjamzito, msingoje hata mvua ikatike vizuri, tafuteni gari. Wengi tunawaona siku kadhaa baadaye, sikio likitoa usaha.

Tujikinge wapi?

Ndani ya jengo lenye kuta, au ndani ya gari lililofungwa vioo, matatu inafaa. Chini ya mti pale Uhuru Park hapafai, wala kibanda cha mabati kisicho na kuta.

Na jambo hili tumelisema mno: kuanzia Machi hadi Mei, na tena Oktoba hadi Desemba, ngurumo ikilia watu hukimbilia juu ya paa la ghorofa kuanua nguo. Pale juu wewe ndiye mrefu kuliko vyote vilivyo karibu, na mkono umeshika waya wa kuanikia uliolowa. Ziache nguo zilowe. Subiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho, ndipo upande.