Kidonge kidogo cha aspirini si cha kila mzee

Mzee mmoja aliletwa na bintiye kwenye kliniki yetu ya moyo. Amechoka, viganja vimepauka, na kila akisimama anasikia kizunguzungu. Tulipomuuliza kuhusu choo alisita, akamtazama binti, kisha akasema kwa sauti ya chini: "Cheusi, kama lami." Wiki ya tatu hiyo, na tumbo halimuumi hata kidogo. Mfukoni alikuwa na aspirini aliyoanza kumeza baada ya jirani kumwambia inazuia kiharusi, pamoja na diklofenaki ya magoti kutoka duka la dawa. Tumbo lilikuwa likivuja damu.

Umri unavyosogea, mafuta na chokaa hujikusanya kwenye kuta za mishipa ya ateri, nayo hukakamaa na kuwa myembamba. Utando huo wa mafuta ukipasuka, mwili huona ni jeraha. Chembe sahani, yaani chembe za damu zinazosaidia kuganda, hukimbilia pale, zikashikana, bonge la damu likaziba njia. Likiziba kwenye moyo ni mshtuko wa moyo, kwenye ubongo ni kiharusi. Aspirini huzuia chembe hizo zisishikane. Watu huiita dawa ya kuyeyusha damu, lakini haiyeyushi kitu. Inachelewesha damu kuganda mwili mzima, hata kwenye kidonda cha tumbo ambacho kingehitaji igande upesi.

Kwa hiyo swali letu la kwanza kwa mzee ni hili: umewahi kupata mshtuko wa moyo au kiharusi cha mshipa kuziba, au umewekewa stenti, kijibomba cha kuuacha wazi mshipa wa moyo? Kama ndiyo, dawa hii kwa kawaida inakulinda kuliko inavyokudhuru, na kuiacha ghafla bila daktari kujua ni hatari kubwa.

Kama hujawahi, hesabu inageuka. Utafiti wa ASPREE, uliotoa matokeo mwaka 2018, uliwafuatilia wazee zaidi ya 19,000 wa Australia na Marekani, wengi wao wa miaka 70 na zaidi, wasio na ugonjwa wa moyo unaojulikana. Waliomeza miligramu 100 za aspirini kila siku hawakupata miaka zaidi ya kuishi bila ulemavu. Walichozidi ni kuvuja damu vibaya: asilimia 3.8, dhidi ya 2.8 kwa waliopewa kidonge kisicho na dawa.

Kinachonisumbua zaidi ni mchanganyiko. Diklofenaki na ibuprofeni hukwangua ukuta wa tumbo, na ukiongeza aspirini hatari inapanda. Anayetumia warfarini, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, awe mwangalifu zaidi: metronidazole na kotrimoksazoli, dawa tunazonunua kama pipi, huipandisha nguvu ndani ya siku chache. Mboga za majani kama mchicha na sukuma wiki aendelee kula, ila kwa kiasi kilekile kila wiki, maana vitamini K yake hupunguza nguvu ya dawa.

Choo cheusi, mkojo mwekundu, fizi zinazotoka damu bila kukoma: nenda hospitali siku hiyohiyo. Mzee akianguka na kugonga kichwa, mpelekeni hata kama anasema yu mzima, kwani damu ndani ya fuvu huweza kujikusanya polepole.

Mzee wetu hakuwahi kuugua moyo. Tulimwachisha aspirini na diklofenaki, magoti yakapewa parasetamoli. Siku hizi binti huja na mfuko wa rambo wenye kila anachomeza baba, mitishamba ikiwemo, akaumwaga mezani tukakagua kimoja kimoja.