Mtoto alale kwa shangazi: kupanga siku za kumpumzisha mlezi wa mtoto mwenye ulemavu

"Mara ya mwisho ulilala usiku mzima bila kuamka ni lini?" Swali hili namuuliza kila mzazi anayeleta mtoto kwenye kliniki yetu ya utengamao, nikishamaliza kumpima mtoto viungo na kabla sijaanza kuandika. Wengi hucheka. Mama mmoja, mwenye binti wa miaka tisa aliyezaliwa na mtindio wa ubongo, alinyamaza kidogo akahesabu, kisha akasema, "Kabla sijapata mimba yake." Binti alikuwa na kilo 21. Anabebwa mgongoni kwenda chooni, kwenda kuoga, kwenda kituo cha daladala. Usiku hageuki mwenyewe, hivyo mama huamka mara tatu au nne kumgeuza. Aliyeletwa kutibiwa ni mtoto, lakini mgongo ulionitia wasiwasi siku ile ni wa mama.

Binti nikamwandikia mazoezi. Mama nikamwandikia: usiku mmoja, kwa shangazi, mwezi ujao.

Jambo hili si anasa wala si ubunifu wangu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, katika ibara ya 28, unaitaja huduma ya kumpumzisha mlezi miongoni mwa misaada ambayo serikali inapaswa kuzipatia familia maskini zenye mtu mwenye ulemavu. Kenya iliuridhia mwaka 2008, Tanzania 2009. Sweden ina sheria inayompa mtoto haki ya kukaa siku chache nje ya nyumbani tangu 1994, na huko Uingereza kanuni za 2011 zinazitaka halmashauri ziwe na huduma za namna hiyo, mchana na usiku, hata wakati wa likizo za shule. Msomaji uliyeko huko mwenye mtoto wa aina hii, nenda halmashauri yako ukaulize, maana wahamiaji wengi hawajui kwamba ipo.

Kwetu, katika halmashauri nyingi hutakuta kituo cha serikali cha kumlaza mtoto siku mbili ili mzazi apumue. Mapumziko yanapangwa na shangazi, bibi, mama mdogo, jirani na kikundi cha wazazi. Sioni ubaya. Kosa ninaloliona mara kwa mara ni moja: hayapangwi mpaka mambo yaharibike. Mama kashikwa uchungu wa uzazi, au kuna msiba Singida, au yeye mwenyewe kalazwa. Mtoto anapelekwa usiku, na mfuko wa nguo, kwa mtu ambaye hajawahi kumtia kijiko mdomoni. Kupumzika si suala tena hapo, na mtoto yuko hatarini. Kwa hiyo nawaambia wazazi: mara ya kwanza iwe siku ambayo hamna shida yoyote.

Nani ampokee? Wazazi hutaja kwanza ndugu wa karibu zaidi, au mwenye nyumba kubwa. Mimi huuliza nani kati yao huwa anamsemesha mtoto mwenyewe, badala ya kumuulizia mtoto kwa mama yake. Huyo ndiye. Pili, anamwezaje kwa nguvu? Bibi mwenye magoti mabovu anaweza kukaa na mtoto mdogo, lakini wa kilo 21 atamuumiza. Na dada wa kazi wa miaka kumi na tano asiachiwe mtoto huyu usiku kucha, hata akiwa mwerevu kiasi gani. Yeye mwenyewe bado ni mtoto.

Kisha kuna maswali ambayo watu wanaona haya kuyauliza. Nani mwingine analala nyumba hiyo? Mtoto atalala chumba gani, na nani? Nani atamwogesha? Uchambuzi wa tafiti ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani na kuchapishwa mwaka 2012 ulionyesha kuwa watoto wenye ulemavu hupatwa na ukatili karibu mara nne zaidi ya wenzao. Wahusika mara nyingi ni watu wanaofahamika, na mtoto asiyeweza kusema hana wa kumshtakia. Uliza ukiwa na uso wa kawaida, kama unavyouliza maji yanapatikana saa ngapi. Shangazi anayestahili hatakasirika. Akikasirika, umepata jibu.

Ukishampata mtu, usimpe mtoto. Mpe kijiko. Namaanisha aje kwako, amlishe mtoto wewe ukiwa umekaa pembeni umefunga mdomo. Hapa ndipo hatari kubwa ilipo kwa watoto wa mtindio wa ubongo, nami hupenda wafanyie kliniki mbele yangu.

Shangazi wa binti yule alikuja na kikombe cha uji. Akamlaza mtoto mapajani kama anavyolazwa mchanga, kichwa kikaning'inia nyuma, akaanza kumimina. Alikuwa na mapenzi yote. Kijiko cha tatu mtoto akakohoa, macho yakalengwa machozi, sauti ikawa na maji maji ndani yake. Alikuwa anapaliwa, na uji unaopalia ukishuka kwenye mapafu huzaa nimonia. Tukamketisha binti wima kwenye kiti chake, nyonga nyuma kabisa, miguu imekanyaga kigoda, kichwa katikati na kidevu kimeinama kidogo. Shangazi akakaa mbele yake, macho kwa macho, kijiko kikitokea chini badala ya juu. Nusu kijiko. Ngoja ameze. Angalia koo. Kijiko kingine. Uji ukafanywa mzito kidogo, maana kwa wengi wao maji na chai hupalia haraka kuliko uji mzito. Bakuli moja likachukua dakika arobaini, na baada ya hapo mtoto akaachwa wima nusu saa. Shangazi akamgeukia wifi yake akamuuliza, "Hivi ndivyo unavyofanya mara tatu kila siku?"

Akishaweza kulisha, wewe nenda sokoni masaa mawili. Wiki inayofuata muache kutwa. Baada ya hapo ndipo usiku mmoja. Ukiona mtoto analia sana kutwa ile ya kwanza, rudini nyuma hatua moja, msikate tamaa. Kwa mwenye usonji hatua hizi ziwe ndogo zaidi: aizoee nyumba ile kabla hajalala humo, aende na sahani yake, shuka lake lisilofuliwa na kile kitambaa anachokishikashika. Malango na visima vya nyumba hiyo vikaguliwe, kwa sababu baadhi yao hutoka bila kuaga na maji huwavuta.

Sasa daftari. La kurasa 40 linatosha, na liandikwe na anayemlea, kwa maneno yake. Ukurasa wa kwanza: mtoto anasemaje. "Akitazama mlango anataka nje. Akikunja mkono wa kushoto ana mkojo. Akisaga meno, tumbo linamuuma, hajapata choo." Vitu hivi hakuna daktari anayevijua. Ukurasa unaofuata: anavyolala, upande gani, mto unakaa wapi, anageuzwa saa ngapi. Halafu chakula, na kile ambacho asipewe.

Dawa zipate ukurasa wake peke yake, na hapa nina neno. Kwenye pakiti ya duka la dawa huandikwa 1x2, na mama anajua maana yake kwa sababu aliambiwa dirishani. Shangazi hajaambiwa. Tena ukiandika "saa 7" hakuna anayejua kama ni saa saba ya mchana au saa moja kwa mtindo wa simu. Andika hivi: "Kidonge kimoja saa moja asubuhi baada ya uji. Kimoja saa moja jioni kabla ya kulala." Kama ni dawa ya maji, tuma bomba lile lile unalopimia, lisilo na sindano, na uchore alama kwa kalamu pale inapofikia. Vijiko vya chai havilingani. Dawa ibaki kwenye chombo chake chenye jina, na idadi izidi siku za kukaa huko, kwa sababu basi linaweza kuharibika njiani.

Kwa mwenye kifafa, dawa isikatwe hata siku moja kwa kuwa "leo hajaanguka". Kukata ghafla kunaweza kuleta degedege refu lisiloshuka, na dozi ikisahaulika isifidiwe kwa kumpa mara mbili kwa mkupuo. Mwenyeji aonyeshwe, si kuelezwa tu: alazwe ubavu, vitu vigumu viondolewe karibu, nguo za shingoni zilegezwe, saa itazamwe. Asitiwe kijiko mdomoni, asibanwe, asinyweshwe chochote, asifukizwe moshi. Degedege likipita dakika tano, au likirudia kabla fahamu hazijarejea, ni hospitali. Hivyo basi kadi ya kliniki, kadi ya bima kama ipo, na nauli ya bodaboda au bajaji vikae kwenye bahasha moja na daftari. Fedha ya chakula pia. Wema wa ndugu huisha haraka akiugharamia yeye mwenyewe.

Watoto waliozaliwa na mgongo wazi wana yao. Wengi hawasikii joto wala maumivu miguuni. Maji ya kuoga yapimwe kwa kiwiko cha mkubwa, na wasikae karibu na jiko la mkaa. Anayetolewa mkojo kwa mpira, mwenyeji ajifunze kwa muuguzi mbele ya mama, kwa saa zile zile za nyumbani. Na aliyewekewa mpira wa kupunguza maji kichwani, akianza kutapika, kulalamika kichwa au kusinzia isivyo kawaida, hakuna kungoja asubuhi.

Familia isiyo na shangazi ifanye nini? Nimeona vikundi vya wazazi vikifanya upatu wa siku badala ya fedha: Jumamosi hii watoto wawili wako kwa mama huyu, ijayo kwa yule. Unafanya kazi vizuri kuliko nilivyotarajia, kwa kuwa kila aliyemo ameshazoea kulisha na kugeuza. Sharti langu ni kwamba asipokee zaidi ya wawili wasiotembea kwa wakati mmoja, kwa sababu moto ukitokea mtu ana mikono miwili.

Kuhusu vituo, kuwa mwangalifu. Tanzania Bara, Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka makao ya watoto yawe na leseni, na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako anajua yaliyo halali. Mwone kwanza. Kituo kizuri kitakuuliza maswali mengi kuliko unayokiuliza, kitakuruhusu ufike bila taarifa, na kitaandika tarehe ya mtoto kurudi. Kisichoandika tarehe ya kurudi, ondoka. Makao ya watoto yamekusudiwa wasio na wa kuwalea, na nimeshuhudia "wiki mbili tu" zikawa miaka, huku mama akiona aibu kurudi kuuliza. Shule za bweni zenye kitengo maalumu hizo ni masomo, ingawa sote tunajua kwamba muhula huwapumzisha wazazi na kwamba Juni na Desemba kliniki yangu hujaa akina mama wenye migongo inayouma.

Mtoto anaporudi, mvue nguo umwogeshe mwenyewe siku hiyo hiyo. Tazama nyonga, visigino na kisogo kama kuna wekundu usioondoka ukibonyeza. Ina maana hakugeuzwa vya kutosha. Hesabu vidonge vilivyobaki. Mtazame anavyompokea mwenyeji wake mkikutana tena. Kukiwa na michubuko isiyo na maelezo, au hofu mpya ya kuguswa, piga simu 116, namba ya bure ya kumsaidia mtoto inayotumika Tanzania na Kenya, au nenda dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi. Usianze na kikao cha ukoo.

Wakwe watasema umemtupa mtoto. Waambie waje wamlishe bakuli moja.

Yule mama wa binti wa kilo 21 alirudi kliniki baada ya majuma sita. Usiku wa kwanza peke yake hakulala, alisema. Aliamka saa nane kama kawaida, akanyoosha mkono kumgeuza mtu asiyekuwepo, kisha akakaa kitandani mpaka adhana ya alfajiri. Alilala mchana, kuanzia saa nne hadi alasiri, na simu ameiweka kifuani. Shangazi alikuwa ameandika kwenye daftari: "Amekula uji wote. Dakika 35." Chini yake, kwa kalamu nyingine, walikuwa wamejaza tarehe ya mwezi unaofuata.