Kupiga marufuku pitbull hakutawalinda watoto wa Mbeya

Kila video ya mbwa aliyemrarua mtu inapozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, simu yangu haipumziki. "Daktari, hivi kwa nini serikali isiwapige marufuku hawa mapitbull?" Anayeuliza mara nyingi ni mkazi wa Forest au Uyole hapa Mbeya ambaye jirani yake ameleta mbwa mwenye kichwa kama boga. Swali ni la haki kabisa. Jibu langu, kama daktari wa mifugo, ni kwamba marufuku ya jina la mbwa haitamsaidia, ila ninyi mnaofuga mbwa hao msishangilie mapema. Nanyi nina neno lenu.

Uingereza ilitunga sheria yake ya mbwa hatari mwaka 1991 na kutaja aina nne: pit bull terrier, Tosa wa Japani, Dogo Argentino na Fila Brasileiro. Kwa aina hizo, sheria haiulizi mbwa amefanya nini, inaangalia umbo. Mtaalamu humkagua kichwa, kifua na miguu, kisha mbwa ambaye hajawahi kumgusa mtu anaweza kuchukuliwa kwa sababu amefanana na waliotajwa. Wafugaji nao wana akili zao. Wakahamia kwenye jibwa lingine lisilokuwamo kwenye orodha, American Bully XL, nalo likaja kuua watu, mpaka Februari 2024 ikawa kosa kulimiliki England na Wales bila kibali maalumu. Katika miaka yote hiyo, wanaolazwa hospitali kwa kung'atwa na mbwa walizidi kuongezeka. Uholanzi ilianza marufuku ya namna hiyo mwaka 1993, ikaifuta 2008 ilipoonekana kuwa watu wanang'atwa vilevile.

Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti uliokusanya majibu ya wenye mbwa zaidi ya 18,000 nchini Marekani. Aina ya mbwa ilieleza takribani asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Asilimia 9 si sifuri, wala sitaki mtu aninukuu nikisema mbwa wote ni sawa. Hawako sawa, hasa kwa ukubwa. Ile hadithi kwamba taya la pitbull hujifunga kama kufuli haina ukweli, taya lake limeundwa kama la mbwa wengine. Lakini mbwa wa kilo 45 akimkamata mtoto hafanyi jeraha la mbwa wa kienyeji wa kilo 15. Na mtoto, kwa kimo chake, hushikwa usoni na shingoni.

Sasa tuje kwetu. Kwanza, pitbull wa Mbeya ni nani? Mbwa wanaouzwa kwa jina hilo kwenye matangazo ya simu hawana cheti cha ukoo. Wengi ninaoletewa ni chotara, babu mmoja labda alikuwa Boerboel, jibwa la Afrika Kusini, masikio yamekatwa kwa wembe ili sura itishe. Hakimu ataamuaje? Kwa picha ya muuzaji?

Pili, ukali wenyewe tunautengeneza nyumbani. Mbwa hujifunza nani ni rafiki kati ya wiki ya 3 na wiki ya 14 hivi za umri wake. Huo ndio muda ambao sisi tunamtenga na mama yake, tunamfungia kwenye banda la giza nyuma ya jiko, na kumkataza asizoeane na mtu "asije akawa mpole kwa wezi". Wapo wanaomlisha pilipili wakiamini itampandisha hasira. Kinachompanda ni maumivu ya tumbo. Akikua anakaa kwenye mnyororo wa mita moja mchana kutwa, baridi la Juni linamwishia hapohapo, chakula ni ukoko wa ugali. Usiku anafunguliwa alinde. Alfajiri kijana wa kazi anafungua geti akachote maji au apeleke ng'ombe, na njiani kuna wanafunzi wanaokwenda shule gizani. Hapo mbwa wa aina yoyote ataleta msiba, hata yule wa kienyeji asiye na jina la kizungu.

Na huyo wa kienyeji ndiye anayenikosesha usingizi zaidi, kwa sababu ya kichaa cha mbwa. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, ugonjwa huu unaua watu wapatao 59,000 kwa mwaka, karibu wote wameupata kwa mbwa, na katika wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa nao, 4 kati ya 10 ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Virusi havichagui ukoo. Kinachovizuia ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo, mwaka baada ya mwaka. Uking'atwa, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo. Usipake mafuta ya taa wala majani.

Kwa hiyo ningeandika nini kwenye sheria ndogo ya halmashauri? Kanuni ya Adhabu tayari inamgusa mtu anayezembea kuchukua tahadhari dhidi ya hatari ya mnyama aliye naye, ila huko mtaani haifahamiki. Ningeanza na usajili wa kila mbwa kwa mtendaji wa kata, pamoja na kadi ya chanjo. Mbwa aliyezidi uzito fulani, awe wa aina yoyote, asifugwe pasipo uzio unaomzuia kweli, na barabarani awe na kamba na kifunga mdomo. Akimuuma mtu, mwenye mbwa alipe sindano zote za chanjo ya majeruhi, si ya kwanza tu. Kibao cha "MBWA MKALI" kisiwe kinga. (Nimewahi kupita geti lenye kibao hicho, mbwa mwenyewe alikuwa kikongwe asiye na meno, akanilamba kiatu.)

Kuhusu kuingiza mbwa wakubwa kutoka nje kwa ajili ya kuzalisha na kuuza, hapo nakubaliana na wanaotaka kibali. Anayeuza watoto wa mbwa wa namna hiyo kwa yeyote mwenye hela, bila kuuliza kama nyumba ina ukuta, anafaa kubanwa kabla ya mnunuzi.

Kuna jambo la bajeti pia. Afisa mifugo wa kata mara nyingi hana kitanzi cha kukamatia mbwa, wala banda la kumtazamia mbwa aliyeuma kwa siku 10. Ukimwagiza leo akamate mapitbull, atafika getini na daftari mkononi. Madiwani wanaoandaa mapendekezo ya sheria ndogo waweke fedha ya vitanzi, banda na dozi za chanjo kwanza, kisha tukutane kujadili uzito wa mbwa.