Hallyu ni mkondo, na haikuifufua sinema ya Korea

Juzi nimesikia tena mtu akiiita Hanyo, filamu ya Kim Ki-young ya mwaka 1960, "Hallyu ya zamani". Hapana. Hallyu ni kuenea kwa burudani ya Korea Kusini nje ya nchi hiyo: tamthilia, muziki, filamu na kadhalika. Basi.

Neno lenyewe lilivuma kwanza China, mwishoni mwa miaka ya 1990. Han ni Korea, liu ni maji yanayotiririka. Kwa Kichina linatamkwa sawasawa na neno la mkondo wa baridi wa baharini, na utani ulikuwa hapo hapo. Wakorea wakalipokea, wakalitamka Hallyu. Sisi tukalipata kupitia Kiingereza, ndiyo maana kila mahali tunaandika "wimbi la Kikorea". Linanikera hilo. Muulize mvuvi yeyote: wimbi unaliona likija, likapiga, likavunjika. Mkondo huuoni, unashtukia chombo kimeshasogea. Neno tunalo, tena linasema kile kile alichosema Mchina.

Kero kubwa zaidi ni kuliita Hallyu lile fufuko la sinema yao. Fufuko hilo lilitokea nyumbani. Baada ya miaka mizuri ya 1950 na 1960, serikali ya Park Chung-hee, mtawala wa Korea Kusini wakati huo, ilizikaba filamu kwa ukaguzi. Mwaka 1988 kampuni za Marekani zikaruhusiwa kusambaza filamu zao zenyewe, na wapinzani wa hatua hiyo wakafikia kuachia nyoka ndani ya kumbi za sinema. Mwaka 1993 filamu za Kikorea ziliambulia chini ya tiketi 20 katika kila 100 zilizouzwa nchini mwao. Mwaka 1996 Mahakama ya Katiba ikasema kukagua filamu kabla ya kuonyeshwa ni kuvunja katiba. Kufika 2001 fungu lile lilikuwa karibu nusu. Waliopanga foleni ni Wakorea wenyewe. Huku kwetu hata habari hatukuwa nazo.

Kwa hiyo ukiitazama Hanyo, ziangalie zile ngazi za ndani ya nyumba, jinsi kila anayepanda na kushuka anavyobadilisha nani ana nguvu. Bong Joon-ho, mwongozaji aliyeshinda Oscar mwaka 2020 kwa Parasite, amesema wazi kwamba Hanyo ilimwathiri. Iite tu sinema ya Korea.