Ng'ombe anayepanda na ng'ombe anayepandwa

Mfugaji akiniita kwa ng'ombe aliyehimilishwa (yaani aliyetiwa mbegu za dume kwa mkono wa mtaalamu) mara tatu bila kushika mimba, nakuta lawama zimeshatua kwenye mbegu. Sikatai, mbegu huharibika. Zinatunzwa ndani ya naitrojeni ya kimiminika kwenye nyuzi -196 za Selsiasi, na uzembe kidogo wakati wa kuziyeyusha unatosha kuziua. Lakini mimi huanza na swali jingine: ulimwona akifanya nini?

"Alikuwa anawapanda wenzake." Basi tayari nina shaka. Anayepanda huenda yuko kwenye joto, yaani anataka dume, huenda ndiyo kwanza linamkaribia. Wa kumwamini ni anayesimama tuli akipandwa. Hali hiyo hudumu kama saa 12 hadi 18, na kwa ng'ombe wa maziwa mengi huweza kwisha hata kabla ya kutimiza muda wa saa 8, tena usiku, watu wamelala.

Kuna jambo linalowashangaza wengi: yai la ng'ombe hutoka baada ya joto kwisha, kama saa 24 hadi 32 tangu lilipoanza, naye ameshakataa kupandwa. Likitoka, uhai wake ni wa saa chache tu. Mbegu nazo haziwezi kurutubisha papo hapo; zinahitaji takriban saa 6 za kukomaa ndani ya njia ya uzazi, kisha hudumu kama siku moja. Ndiyo maana tangu utafiti wa Nebraska, Marekani, wa miaka ya 1940 tunasema: aliyesimama asubuhi ahimilishwe jioni, wa jioni asubuhi inayofuata.

Ukiona damu mkiani, joto lilishapita siku moja hadi tatu nyuma. Usimwite mhimilishaji. Andika tarehe, uanze kumchunguza tena kuanzia siku ya 16 hivi, maana mzunguko ni siku 18 hadi 24.

Wengine hunidai sindano ya "kumleta kwenye joto". Sindano hiyo ni ya homoni iitwayo prostaglandini; huyeyusha kile kinundu cha njano kinachobaki kwenye ovari yai likitoka, na ambacho huzuia joto jipya. Katika siku 5 za mwanzo kinundu bado kichanga, sindano haikigusi. Na kama ng'ombe ana mimba changa, sindano hiyohiyo inaitoa. Kwa hiyo kwanza napima mimba, hata mwenye ng'ombe akiapa kwamba hana.